Rangi ya Dari: Ngazi, Jukwaa au Mironjo?

Leo hatutazungumza juu ya malaria wala kuharisha. Leo tunazungumza juu ya kuanguka. Na kuanguka kwenyewe si kule kwa mtoto anayejifunza kutembea, bali kuanguka kwa mtu mzima aliyepanda juu kupaka rangi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Pengine unasema, hayo ni mambo ya mafundi, mimi yananihusu nini? Subiri kidogo, mama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka. Miongoni mwa ajali zisizokusudiwa, kuanguka ni sababu ya pili ya vifo, baada ya ajali za barabarani. Na hao ni waliokufa tu. Walio wengi zaidi huvunjika mguu, kiuno au mkono, wakabaki kitandani miezi. Na mtu akilala kitandani nyumbani, ni nani anayemwosha, anayempikia, anayempeleka kliniki? Wewe unayenisikiliza.

Msikilizaji mmoja ametuandikia barua, na barua yake ndiyo iliyoleta mazungumzo ya leo. Anasema mume wake anafanya kazi ya mjengo, sehemu ya kuweka dari za jipsamu. Juzi alirudi nyumbani na miguu ya chuma, ile ya kufunga kwenye miguu ya mtu ili awe mrefu. Anataka kuitumia kupaka rangi nyumba yao ya vyumba viwili kabla ya Krismasi. Mama huyu ana mimba ya miezi saba, na ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayezurura kila mahali. Anauliza: je, miguu hii ni salama kuliko ngazi? Na kama si salama, tutapakaje dari?

Ni swali zuri sana. Hebu kwanza tuelewane juu ya vifaa.

Miguu hiyo kwa Kiswahili huitwa mironjo. Wenzetu wa Tanzania husema ngongoti, na wana wachezaji wanaocheza ngoma juu yake wakiwa warefu kama mnazi. Ya mjengoni imeundwa kwa alumini. Ina bamba la kukanyaga, springi, na mikanda ya kufunga kwenye kiatu na chini ya goti. Mingi hurekebishwa kuanzia sentimita 45 hadi 75 hivi, na mingine hufika mita moja. Huko Marekani na Kanada mafundi wa mbao za jipsamu huitumia sana wanapoziba maungio ya dari, kwa sababu mtu hutembea tu chumba kizima bila kushuka na kusogeza ngazi. Ndiyo sababu fundi aliyeizoea huipenda. Inaokoa muda, na fundi anayelipwa kwa chumba huona muda huo ni pesa.

Lakini angalia jinsi inavyofanya kazi. Mtu aliyesimama juu ya ngazi ana pa kushika. Aliye juu ya jukwaa ana mbao pana chini ya nyayo zake. Aliyevaa mironjo hana cha kushika, na chini yake kuna mabamba mawili madogo tu. Kila hatua anayopiga ni lazima sakafu iwe kavu, iwe sawa, na iwe tupu kabisa. Kipande cha msasa, waya wa taa, tone la rangi, ukingo wa zulia, hata karatasi ya nailoni iliyotandazwa ili kuzuia madoa, vyote vinaweza kumwangusha. Kizingiti cha mlango pia. Ngazi za kupandia ghorofani ndizo kabisa, asizisogelee.

Tena hawezi kuinama. Brashi ikianguka, anamwita mtu amwokotee. Na akianguka yeye mwenyewe, mguu umefungwa kwenye chuma, kwa hiyo hawezi kuruka akatua kwa miguu kama mtu anayeteleza kutoka kwenye stuli. Huanguka mzima mzima kama mgomba uliokatwa. Atatanguliza mikono, na ndipo kifundo cha mkono kinapovunjika. Au atajipinda kando, na goti au kifundo cha mguu kichanike ndani.

Sasa ongeza mtoto wa mwaka mmoja na nusu katika chumba hicho. Mtu aliyevaa mironjo anatazama dari, hatazami chini. Mtoto anakuja kimya kimya, amevutiwa na chuma kinachometa, anakishika. Baba anapiga hatua. Hapo wanaumia wawili kwa mara moja, na mmoja wao ana uzito wa mtu mzima ukimwangukia mtoto.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama huyu halina kona. Nyumbani penye watoto, mironjo isivaliwe. Iache mjengoni, ambako chumba ni kitupu, sakafu imefagiliwa, na kuna watu wazima peke yao. Hata huko, mtu hafundishwi kuivaa na rafiki kwa dakika tano. Kuna vituo vya ujenzi katika nchi nyingine ambavyo havikubali kabisa mironjo, na pale Marekani sheria inasema mtu akiivaa juu ya jukwaa lenye kizuizi pembeni, kizuizi hicho lazima kiinuliwe kwa kimo kile kile cha mironjo. Waliotunga sheria hiyo walielewa kwamba mtu akiwa mrefu zaidi, ukingo wa kumfika kiunoni jana leo unamfika magotini.

Kuna jambo jingine ambalo mama huyu anaweza kumwambia mume wake kwa upole jioni wakinywa chai. Akiumia mjengoni, iko Sheria ya Fidia za Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inayompa njia ya kudai. Akiumia sebuleni kwake akipaka rangi ya Krismasi, atamdai nani?

Basi twende kwenye ngazi, kwa sababu ndiyo iliyo katika nyumba nyingi, ya kwetu au ya kuazima kwa jirani.

Na hapo kwenye kuazima ndipo shida inapoanzia. Ngazi nyingi za mtaani zimegongwa kwa misumari kutoka mabaki ya mbao za mjengo. Zimekaa juani na mvuani. Kabla mtu yeyote hajaipanda, ilaze chini uikague. Tikisa kila kipago. Msumari ukicheza, hiyo si ngazi, ni kuni. Tazama kama mbao ina ufa au imeliwa na mchwa. Na jambo ambalo wengi hawalijui: ngazi ya mbao haipakwi rangi. Ukiona ngazi imepakwa rangi nzuri ya kung'aa, iogope, kwa maana rangi hufunika nyufa na huwezi kujua mbao imeoza ndani. Mafuta ya kuhifadhia mbao yasiyoficha sura yake ni sawa.

Ngazi ya kuegemeza ukutani huwekwa kwa kipimo. Ukipanda mita 4 ukutani, miguu ya ngazi iwe mita 1 kutoka ukutani. Ukiiweka karibu zaidi itakurudisha nyuma ukiwa juu. Ukiiweka mbali zaidi itateleza chini kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Sakafu ya simenti iliyopigwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta ndiyo mbaya kuliko zote. Hapo ni lazima mtu mzima ashike ngazi kwa mikono miwili na kukanyaga chini muda wote. Huyo mshikaji asiwe mtoto wa darasa la pili, wala asiwe mama mwenye mimba.

Kwa kazi za ndani, ile ngazi inayosimama yenyewe, iliyo kama herufi A, ni bora zaidi. Ifunguliwe mpaka mwisho na vyuma vya katikati vikaze. Wengi huikunja na kuiegemeza ukutani ili ichukue nafasi ndogo, na hapo huwa wameigeuza kuwa kitu kingine ambacho haikuundwa kuwa. Vidaraja viwili vya juu kabisa visikanyagwe. Vimewekwa hapo kwa ajili ya kopo la rangi na mkono wako, si kwa ajili ya nyayo.

Ukiwa juu, kitovu chako kikae katikati ya miti miwili ya ngazi. Ukiona kitovu kimetoka nje kwa sababu unanyoosha mkono kufikia pembe, shuka usogeze ngazi. Najua ni kazi. Shuka, sogeza, panda, shuka tena. Lakini watu wengi wanaoanguka kwenye ngazi huanguka katika ule unyooshaji wa mwisho, pale mtu anaposema, "Acha nifikie hapa tu, halafu nitashuka."

Mavazi nayo. Patipati hapana. Kiatu kiwe cha kufunga, chenye soli isiyoteleza na isiyo na rangi mbichi. Leso iliyofungwa kiunoni hunasa kwenye kipago na kukuvuta. Vaa suruali au uifunge vizuri isining'inie. Mtoto asibebwe mgongoni, hata kwa dakika moja, hata kama analia. Nimeona kina mama wakifanya hivyo, na naelewa kwa nini, kwa sababu mtoto akiwekwa chini ataingia kwenye rangi. Basi kazi ya rangi isubiri hadi mtoto apate mtu wa kumwangalia.

Na umeme. Ngazi ya alumini na waya wa umeme ni maadui. Unapopaka kuzunguka taa au pangaboi, zima swichi kuu ya nyumba, kisha fanya kazi mchana kwa mwanga wa dirishani. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi, kwa sababu katika nyumba nyingi nyaya zimeungwa kombo na taa hubaki na umeme hata ikiwa imezimwa. Zaidi ya hayo, usipande ngazi chini ya pangaboi linalozunguka ili upate upepo. Kwa watu wa Mombasa na Malindi hili silisemi kwa mzaha.

Tukija kwenye jukwaa, au skafoldi kama wanavyosema mafundi, wengi wetu tunadhani ni la maghorofa. Siyo. Jukwaa dogo la ndani ni meza mbili imara au vigogo viwili vya seremala vya miguu minne, na mbao nene zilizolazwa juu yake. Mtu akisimama nusu mita tu kutoka chini anafikia dari ya nyumba ya kawaida, na anatembea hatua tatu nne bila kushuka. Kwa kupaka dari nzima, mimi naliona jukwaa hilo dogo kuwa bora kuliko ngazi.

Shida yake ni kwamba watu huliunda kwa vitu vya ajabu. Ndoo mbili zilizopinduliwa. Kreti za soda. Pipa la maji upande mmoja na meza ya kulia chakula upande mwingine, halafu tofali mbili za kusawazisha. Ubao mmoja mwembamba unaopinda katikati kama uta. Mtu akikanyaga mwisho wa ubao uliojitokeza mno nje ya tegemeo, ubao unainuka upande wa pili kama pembea ya watoto. Kwa hiyo ubao uvuke tegemeo kwa inchi 6 hadi 12 tu, si zaidi, na ufungwe kwa kamba au waya usisogee. Weka mbao mbili au tatu zikiwa pamoja, ili mtu asitembee juu ya upana wa mguu mmoja.

Sehemu ngumu kuliko zote ni juu ya ngazi za kupandia ghorofani, katika zile nyumba za maisonette. Hapo dari iko mbali, sakafu ina vidaraja, na hakuna mahali pa kusimamisha ngazi sawasawa. Watu huweka mguu mmoja wa ngazi juu ya daraja na mwingine juu ya kitabu au tofali. Hapo usijaribu wewe, wala usimruhusu mume, kijana wako au dada wa kazi. Tafuta fundi mwenye jukwaa halisi la mabomba, lenye kizuizi pembeni. Gharama yake ni kubwa, ndiyo. Iweke kando ya gharama ya mfupa wa paja uliowekewa chuma, pamoja na miezi ya kukaa bila kazi.

Na jukwaa lenye magurudumu, kama fundi atakuja nalo, breki zifungwe kila mara mtu anapokuwa juu. Asisukumwe nalo akiwa juu yake. Watoto hulipenda sana hilo, huliona kama gari.

Nimetaja dada wa kazi. Nirudi hapo kidogo. Katika nyumba nyingi za mjini, anayepandishwa juu ya stuli kufuta dari, kuondoa utando wa buibui au kugusia rangi ni msichana wa kazi, na mara nyingine ni msichana mdogo ambaye hathubutu kusema anaogopa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inazungumzia njia salama ya kufikia mahali mtu anapofanyia kazi. Lakini hata bila sheria, ikiwa wewe mwenyewe usingepanda stuli hiyo juu ya meza, usimwambie mtoto wa mwenzio apande.

Sasa kuna njia ya nne ambayo mama wa barua hakuiuliza, nami naona ndiyo jibu lake. Ni kubaki chini.

Dari ya nyumba nyingi zetu iko mita 2 na nusu hivi, wakati mwingine karibu 3 kwa nyumba za zamani. Mtu wa kimo cha kawaida akiinua mkono anafikia mita 2. Kinachopungua ni nusu mita au mita moja tu. Rola nyingi za kupakia rangi zina tundu mwishoni mwa mshikio, na tundu hilo hupokea mpini mrefu. Madukani huuzwa mipini ya kurefushwa, na wengine hutumia mpini wa fagio au mopu wenye nyuzi zinazoingia humo sawasawa. Ukiwa na mpini wa mita moja na kidogo, unapaka dari yote na sehemu ya juu ya kuta nyayo zako zikiwa sakafuni. Kinachobaki ni kingo tu, pale dari inapokutana na ukuta na kuzunguka taa, ambapo brashi ndogo inahitajika. Hapo ndipo ngazi ya herufi A inapoingia, kwa dakika chache kila pembe, badala ya kushinda juu yake siku nzima.

Hakikisha mpini umekaza kabla hujachovya rangi. Na usichovye rola mpaka ichuruzike, kwa sababu utakuwa chini yake.

Hapo niseme juu ya macho. Anayepaka dari hutazama juu, na matone huanguka usoni. Vaa miwani ya kukinga macho, hata ile ya bei nafuu ya mafundi wa kuchomelea isiyo na giza. Rangi ya maji ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi. Chokaa ni hatari zaidi, na huku Pwani bado tunaipenda sana chokaa. Chokaa mbichi huunguza jicho na inaweza kulipofusha. Ikiingia, usisugue. Mwaga maji safi jichoni mfululizo kwa dakika 20 au zaidi, ukifungua kope kwa vidole, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Kutazama juu kwa muda mrefu pia huleta kizunguzungu, na shingo hukaza. Pumzika mara kwa mara ukiwa umeshuka chini. Wazee, na wale wanaotumia dawa za shinikizo la damu, wasipande kabisa, kwa maana dawa nyingine hufanya mtu aone giza anapoinuka au kugeuza kichwa ghafla. Mwenye kifafa vilevile.

Mama mjamzito naye? Mwili unapobeba mimba, uzito huhamia mbele na viungo hulegea, kwa hiyo hata aliyekuwa hodari wa kupanda hupoteza mizani. Mama wa miezi saba asipande ngazi, stuli wala kiti. Na asikae chumbani wakati wa rangi ya mafuta, thina na tapentaini. Fungueni madirisha, na yeye na mtoto walale chumba kingine, au kwa shangazi, mpaka harufu iishe.

Kukwaruza rangi ya zamani kwa msasa mkavu ni jambo jingine la kuepuka. Rangi za miaka iliyopita zinaweza kuwa na risasi, yaani ile madini ya ledi, na vumbi lake huingia mwilini mwa mtoto kupitia mikono na mdomo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Lowesha ukuta kwanza, kwaruza ukiwa umelowa, kisha pangusa sakafu kwa kitambaa cha maji badala ya kufagia. Unaponunua rangi mpya, chagua ile iliyoandikwa kwamba haina risasi. Kiwango kinachokubaliwa Kenya ni sehemu 90 kwa kila milioni, si zaidi.

Thina na mafuta taa ya kuoshea brashi visiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akivinywa, usimtapishe, wala usimpe maziwa ili atapike. Akitapika, mafuta huingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Jioni kazi inapoisha, ngazi isiachwe imesimama. Ilaze chini kando ya ukuta au itoe nje uifungie. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hupanda kitu chochote chenye vidaraja, na hupanda vizuri kuliko anavyojua kushuka. Jukwaa nalo lisibaki na mbao zake usiku; teremsha mbao.

Na ikiwa pamoja na tahadhari zote mtu ameanguka?

Usikimbilie kumwinua. Hilo ndilo kosa tunalofanya kwa huruma. Tunamshika makwapani tunamsimamisha, tunamwambia, "Pole, simama, utakuwa sawa." Ikiwa ameumia shingo au mgongo, kumwinua huko kunaweza kumpoozesha. Mwache alale alivyo. Mwambie asigeuze kichwa. Muulize kama anahisi vidole vya mikono na miguu, na kama anaweza kuvichezesha. Ikiwa analalamika maumivu ya shingo au mgongo, au miguu imekufa ganzi, mtu mmoja ashike kichwa chake kisisogee, na mwingine apige simu 999 au 112. Mfunike asipate baridi. Usimpe chai wala maji, kwa sababu huenda akahitaji kupasuliwa.

Anayetoka damu, gandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Mfupa uliovunjika usiuvute kuunyoosha. Ufunge kwa ubao au gazeti lililokunjwa, jinsi ulivyo, na mpeleke.

Aliyegonga kichwa anahitaji kuangaliwa kwa saa 24 hata kama anasema yuko sawa. Mpeleke hospitali haraka ikiwa alizimia, hata kwa muda mfupi. Ikiwa anatapika, analala usingizi usio wa kawaida, anasema maneno yasiyoeleweka, au kichwa kinazidi kumuuma. Ikiwa mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, ameshikwa na degedege, mkono au mguu umelegea, au maji meupe au damu inatoka puani au masikioni. Anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu aende hata bila dalili yoyote.

Na mama mjamzito aliyeanguka, au aliyeangukiwa na ngazi tumboni, aende kliniki siku hiyo hiyo akiwa na kitabu chake, hata kama haoni damu. Kondo la nyuma linaweza kuachana na ukuta wa tumbo la uzazi na damu ikabaki ndani. Maumivu ya tumbo, tumbo kuwa gumu, maji kutoka, au mtoto kupunguza kucheza ni dalili za kukimbilia hospitali usiku huo huo.

Kwa hiyo mama wa barua, hivi ndivyo ningepanga nyumba yako ingekuwa yangu. Mwambie baba Krismasi haijafika. Jumamosi ya kwanza, wewe na mtoto nendeni kwa jamaa. Yeye na rafiki yake waondoe vyombo chumba kimoja, wapake dari kwa rola ya mpini mrefu, wamalizie pembe kwa ngazi ya herufi A mmoja akishika. Jumamosi ya pili, chumba cha pili. Ile mironjo airudishe kazini Jumatatu, kwa kuwa huenda hata si mali yake.

Juma lijalo tutazungumza juu ya watoto na maji moto jikoni, kwa maana barua za jambo hilo nazo zimekuwa nyingi.